Msichana Aliyekataa Kufagia

Watoto wa mafundisho walishuka misheni kwa miguu, na wengi wao walikuwa hawajawahi kulala mbali na mama zao. Nyumba zao zilikuwa juu mno, kule ambako milima ya Uluguru huanza kufunikwa na ukungu tangu saa tisa za mchana, na hakuna mtoto ambaye angeweza kuja na kurudi kila siku. Kwa hiyo ilikuwa desturi, tangu kabla sijazaliwa, kwamba anayejiandaa kwa Komunyo ya Kwanza ahamie misheni kwa wiki nane. Wavulana walilala katika ghala la zamani la kahawa. Wasichana walilala katika banda refu nyuma ya nyumba ya mwalimu wa dini, kwa sababu mwalimu wa dini alikuwa na mke, na watu walihesabu kwamba penye mwanamke ndani mtoto hapatwi na neno.

Mimi mwenyewe nililala katika ghala hilo miaka ya vita, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi. Nakumbuka magunia yaliyotuwasha migongo, na maharage yaliyokuwa na mawe. Nakumbuka pia kwamba sisi wavulana tuliwaonea wivu wasichana. Wao ndio waliopewa zamu ya kumtunzia nyumba mwalimu wa dini, na kwetu hiyo ilikuwa heshima. Kila alasiri wawili wao waliingia na ufagio, na mara tuliwasikia wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa mpaka wamalize. Tulidhani wanafurahi. Padri akipita alikuwa akisimama kidogo na kusikiliza, na uso wake ulilainika.

Nilirudi misheni hiyo mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na cheti cha ualimu katika bahasha ambayo niliifungua mara nyingi kuhakikisha kwamba kimo. Nilipewa darasa la kwanza na la pili, na juu ya hayo nikapewa usimamizi wa watoto wa mafundisho: wale nini, wafanye kazi gani, walale saa ngapi. Kuwafundisha dini hakukunihusu. Hiyo ilikuwa kazi ya mwalimu wa dini, yule yule aliyenifundisha mimi. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeanza kuwa nyeupe, lakini sauti yake ilikuwa ile ile, na utani wake ule ule. Alikuwa amembatiza bibi yangu kitandani siku ambayo Padri alikuwa safarini. Akiingia katika nyumba yoyote ya bonde letu, watu walisimama.

"Karibu nyumbani, kijana wangu," aliniambia siku ya kwanza, akinishika bega. "Sasa umekuwa mkubwa. Usije ukatuzidi akili haraka haraka."

Niliogopa kila kitu mwaka ule. Niliogopa kwamba watoto hawatanitii, kwamba Padri ataona cheti changu ni karatasi tu, kwamba mkaguzi atakuja kutoka Morogoro siku ambayo chaki imekwisha. Nikiwa na hofu huwa napanga mambo. Nilinunua karatasi kubwa dukani Mkuyuni, nikachora mistari, nikatengeneza ratiba ya watoto wa mafundisho: nani anachota maji, nani anapika, nani anapalilia, nani anafagia. Watoto walinipa jina siku ile ile. Wakaniita Mwalimu Rula.

Nilipofika kwenye nyumba ya mwalimu wa dini nikaona kosa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Kuifagia kulihitaji mtu mmoja na nusu saa. Lakini kila siku walikwenda wawili, na walikawia, na kelele zao za kuimba zilifika mpaka darasani kwangu wakati wa kusoma. Nikahesabu kwamba kwa wiki nane tulipoteza saa nyingi za masomo bila sababu. Nikaandika katika ratiba: mtoto mmoja, kwa zamu, kimya. Padri aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akasema kwamba kumbe chuo kinafundisha kitu. Sifa hiyo ilinikaa kifuani siku kadhaa.

Wasichana watatu walikuja kuniona kesho yake. Walisimama mbali kidogo na meza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

Walitazamana. Mkubwa wao alisema, "Tunaomba tufagie wawili wawili, kama zamani."

"Kwa nini?"

"Nyumba ni kubwa."

"Nyumba ina vyumba viwili."

"Kuna buibui," alisema wa pili, na wote wakacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, wote kwa pamoja.

Nikasema, "Mtu anayemkimbia buibui, shetani atamweza?" Niliona nimesema jambo la maana. Wakainama, wakatoka, na yule mkubwa akawaambia wenzake mlangoni, kwa sauti ambayo alijua naisikia, "Sikuwaambia? Huyu ni rula kweli. Hapindi."

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Watoto watatu walikuja mbele yangu mchana kweupe wakaniomba kitu kidogo, na sababu waliyonipa ilikuwa ya uongo wa waziwazi, na sikujiuliza kwa nini mtoto adanganye ili apate ruhusa ya kufanya kazi. Nilijiuliza tu kama wananidharau.

Baada ya wiki mbili niliona katika ratiba jambo la ajabu. Kulikuwa na msichana mmoja, wa miaka kumi na moja labda, kutoka kijiji cha juu kabisa. Alikuwa na jino la mbele lililovunjika ncha, na alisoma haraka kuliko wote. Kila zamu yake ya kufagia ilifanywa na mtu mwingine. Nikachunguza, nikagundua kwamba alikuwa akitoa sehemu yake ya maharage ya jioni kumpa mwenzake mkubwa ili amfagilie. Alikuwa amekonda. Nikamwita na kumwambia kwamba uvivu ni dhambi, na kununua jasho la mwenzako ni dhambi zaidi. Nikamwamuru afagie mwenyewe siku ya Alhamisi, na nikasimama mlangoni mwa darasa nikamwangalia akivuka uwanja na ufagio, mpaka alipoingia.

Mke wa mwalimu wa dini saa hizo huwa shambani. Hilo nililijua. Ndiyo sababu watoto walihitajika kufagia.

Zamu yake iliyofuata aliketi chini katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, ufagio mapajani.

"Simama," nikamwambia.

"Sifagii."

"Umesemaje?"

"Sifagii, Mwalimu."

Mwalimu wa dini akatoka barazani kwake akicheka. "Mwacheni huyo," alisema, ili watoto wote wasikie. "Hawa wa juu wanakula mihogo mibichi, inawapanda kichwani." Watoto wengine wakacheka kwa sababu ilikuwa lazima wacheke. Kisha akanigeukia kwa upole: "Mwadhibu, Mwalimu. Vinginevyo utawapoteza wote."

Nilimpeleka kwenye ngazi za shule, mahali ambapo kila mtu aliweza kutuona, na mkononi nilikuwa na fimbo. Sijui kwa nini sikuitumia. Pengine ni kwa sababu hakuitazama hata mara moja. Nilimuuliza sababu, akaniambia. Siandiki hapa alichosema. Kilikuwa kifupi, na alikisema akiangalia viatu vyangu. Kilitosha mimi kujua kwamba mwalimu wa dini alimshika mtoto yule jinsi ambavyo mtu mzima hashiki mtoto, na kwamba hakuwa wa kwanza.

Kisha akasema, kama mtu anayemweleza mgeni njia, "Ndiyo maana tulikuwa tunaimba. Wawili wakiimba, hawezi. Wimbo ukinyamaza, walio nje wanakuja na debe, wanapiga hodi wanasema, Mwalimu, maji."

"Nani aliwafundisha hivyo?"

"Dada yangu. Naye walimfundisha waliotangulia."

Nikaketi. Niliwasikia tena wale wasichana wa miaka ya vita, na sisi wavulana tukiwaonea wivu ghalani. Watoto walikuwa wamejitungia ulinzi wao, mdogo kama ulivyokuwa, wakaurithishana mwaka hadi mwaka bila mtu mzima hata mmoja kuujua. Ulifanya kazi. Mimi niliukata kwa siku moja kwa kutumia rula.

Ratiba niliiondoa ukutani mchana ule ule. Nikawaambia watoto kwamba nilikosea hesabu na kwamba wafagie wawili na waimbe watakavyo. Mwalimu wa dini alikuja kunitazama nikiikunja ile karatasi.

"Ratiba yako imekufa mapema, kijana wangu," alisema.

"Ilikuwa na makosa."

"Makosa gani?"

Nilisema, "Ya hesabu." Alitabasamu, akanipiga piga begani, akaenda zake. Alijua kwamba najua, na alijua pia kwamba nimeshindwa kusema.

Siku nne nilifikiri. Nilifikiri kwamba nikisema, hataaminika mtoto, nitaaminika mimi, au hatutaaminika wote wawili. Nikafikiri kwamba nikinyamaza hadi wiki nane ziishe, mtoto atakwenda kwao na yatakuwa yamepita. Kisha nikakumbuka kwamba mwaka ujao watakuja wengine. Nikafikiri kuandika barua bila jina, lakini misheni nzima iliujua mwandiko wangu. Nikafikiri kwamba labda mtoto alielewa vibaya. Hilo la mwisho nilijua ni uongo hata nikilifikiri, na bado nililifikiri, kwa sababu lilinipa usingizi. Siku zote hizo nne mtoto alinitazama darasani kama mtu aliyeweka mzigo wake mahali na sasa anangoja kuona kama utaibwa.

Siku ya tano nilikwenda kwa Padri. Alikuwa Mzungu aliyekaa nasi muda mrefu, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi wetu, na naamini hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza macho yakiwa mezani. Nilipomaliza akasema kwamba mwaka ule ulikuwa mbaya. Ilikuwa kweli. Serikali ilikuwa ikiwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani, watu walikuwa wamechoka na wamekasirika, na kila jambo lililotoka kwa Mzungu lilitazamwa kama mtego. Mwalimu wa dini ndiye aliyekuwa akiwatuliza Wakristo.

"Neno la mtoto peke yake halitoshi," alisema. "Lazima mzazi alete malalamiko. Baba yake aje hapa, aeleze, aweke dole gumba." Akatoa karatasi yenye mistari iliyopigwa chapa. Palikuwa na mstari wa jina la mtoto, mstari wa kijiji, na mstari wa jina la baba.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili siwezi kusingizia ujinga. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba humlisha na humpenda, lakini neno la mtoto, zito kama hili, ni la mjomba. Mtoto akiumwa, akiolewa, akidhulumiwa, anayesimama ni kaka wa mama. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Mimi nilijua. Lakini karatasi haikuwa na mstari wa mjomba, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuona mistari ile imejazwa. Tena mjomba wa mtoto yule alikuwa mtu mkali, mwenye sauti, aliyewahi kumfukuza bwana shamba kwa jembe. Nilijiambia kwamba baba atakuwa mpole zaidi. Nilijiambia kwamba ndivyo Padri alivyotaka.

Nilipanda Jumamosi. Nilimkuta baba shambani akipalilia njegere, mtu mwembamba, mkimya. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe, na nilipofika mahali pagumu alifumba macho, akayafumbua nilipomaliza.

"Mwalimu," alisema, "mimi hapa nimeoa tu. Shamba hili ni la ukoo wa mke wangu. Nyumba ile ni yao. Mtoto ana mjomba wake. Umemwona mjomba?"

"Padri anataka baba."

"Padri anataka baba." Alirudia polepole, kama anayeonja chakula asichokijua. "Miaka yote nimekaa hapa hakuna aliyepata kunitaka."

Mke wake alikuwa amekuja na kusimama nyuma yangu. Sikujua amesikia kiasi gani. Alikuwa amesikia yote. Hakulia. Alisema, "Mwalimu, usimpite kaka yangu. Nakuomba. Mwambie yeye kwanza, akuambie la kufanya."

"Mama, hatuna muda," nilimjibu. Siku nne nilikuwa nimezitumia mwenyewe.

Baba alishuka nami. Njia nzima hakusema neno, ila mara moja tu, tulipopumzika kwenye kijito, aliniuliza kama mtoto anakula vizuri. Ofisini kwa Padri alieleza kwa maneno machache, akaweka dole gumba kwenye wino, akalibana kwenye karatasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilimwona akiitazama ile alama nyeusi. Nadhani alijivuna kidogo, katikati ya uchungu ule.

Mjomba alikuja Jumapili iliyofuata, baada ya misa, na wanaume wanne wa ukoo. Walisimama mbele ya baraza la Padri, na watu waliotoka kanisani hawakuondoka.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele na milele, amina."

"Nimesikia kuna karatasi hapa ina jina la mtoto wetu."

Padri alisema kwamba baba wa mtoto ndiye aliyeleta malalamiko.

"Baba yake ni mtu aliyeoa kwetu. Tunamheshimu, analima vizuri. Lakini nani alimtuma aweke kidole juu ya mtoto wetu?" Kisha akanigeukia mimi. "Padri hajui, yeye tunamsamehe. Wewe je? Wewe si umezaliwa bonde hili? Wewe hukuwa na mjomba? Au huko chuoni wajomba mnawafuta kwa ufutio?"

Watu wakacheka. Mwalimu wa dini alikuwa amesimama pembeni ya kanisa na kitabu chake mkononi. Yeye hakucheka. Alikuwa na uso wa huzuni, uso mzuri kabisa wa huzuni.

"Mtoto wetu hana malalamiko na mtu," mjomba alisema. "Tumekuja kumchukua."

Padri aliuliza kama ana hakika. Aliuliza mara moja tu. Nilisikia katika sauti yake jinsi alivyofarijika, na pengine nisingeisikia kama isingefanana na sauti yangu mwenyewe.

Nilimfuata mjomba njiani, nikamwita, nikamwambia kwamba mtoto alisema kweli.

Alisimama, akawaacha wenzake watangulie. Sauti yake ilishuka. "Unadhani sijui? Dada zangu wamelala katika banda lile."

"Basi kwa nini..."

"Ungekuja kwangu ningelimaliza kwa njia yetu. Tungekwenda kwake sisi, wajomba wote wa bonde, mchana, tukakaa barazani pake mpaka ahame. Hakuna jina la mtoto ambalo lingetajwa. Sasa jina lake liko mezani kwa Mzungu. Wiki ijayo litakuwa sokoni Mkuyuni. Nani atamwoa? Sasa hivi kazi yangu si yule mtu tena. Kazi yangu ni kumfunika mtoto."

Nimeyapima maneno hayo tangu siku ile na sijaweza kuyaweka mahali. Kama alijua, na dada zake walipita pale, kwa nini hakukaa barazani pa mtu yule miaka kumi iliyopita? Labda alikuwa akisema tu, ili lawama iwe yangu peke yangu. Au labda kila mjomba alikuwa akingoja mjomba mwingine aanze. Au labda ni kweli kabisa, na walikuwa tayari, na walihitaji tu mtu awaendee na kusema wakati umefika, na mtu huyo alikuja akiwa na karatasi na kwenda kwenye nyumba isiyohusika. Sijui. Nikichagua mojawapo nalala vizuri siku mbili, kisha naibadili.

Mtoto alipelekwa kwa bibi yake na kuwekwa ndani, kama mwali. Umri wake haukuwa umefika, kila mtu aliliona hilo, lakini ndiyo njia waliyokuwa nayo ya kumficha mtoto wa kike asionekane na asizungumzwe. Angekaa humo, bila jua, bila shule, mpaka apatikane wa kumtoa kwa kumwoa. Padri alilaumu desturi hiyo ya kishenzi katika mahubiri yake, bila kusema ni nani aliyewekwa ndani wala kwa nini.

Nilimwona mama yake sokoni Mkuyuni mwezi mmoja baadaye, amekaa nyuma ya mikungu ya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mtoto hajambo?"

"Yupo ndani."

"Naweza kumletea kitabu? Alikuwa anasoma vizuri sana."

Alipanga ndizi zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Mwalimu, umeshamletea mengi. Naomba kitu kimoja. Jina lake usilitaje tena. Popote. Hata kwa wema."

Nikamwahidi.

Mwalimu wa dini alihamishwa. Padri alinieleza hilo kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Kulikuwa na kigango kipya juu, upande wa pili wa mlima, kanisa la udongo lililomalizika kuezekwa, na watu wa huko walihitaji mwalimu mwenye uzoefu. "Na mafundisho yatafanyika huko huko," aliongeza. "Watoto hawatashuka tena mpaka huku." Niliuliza kama watalala huko. Alisema wengi watalala, ndiyo, vijiji vimetawanyika. Niliuliza nani atawatunza. Alinitazama, na macho yake yalikuwa yamechoka, na aliniambia kwamba hakuna malalamiko yoyote dhidi ya mtu yule. Karatasi ilikuwa imefutwa na ukoo wenyewe. Je, nilitaka amhukumu mtu bila mashitaka?

Baada ya siku kadhaa nilijua: nilipaswa sasa kufanya lile ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Watoto wa kigango kile walikuwa na wajomba. Nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikasema naumwa, nikapanda mlima kwa upande ule ambao sikuwahi kwenda. Nilifika asubuhi ya pili kwenye nyumba ya mtu ambaye wote njiani waliniambia kwamba ndiye mkubwa wa wajomba wa huko. Nilimpa shikamoo, nikakaa mahali aliponionyesha, na safari hii nilieleza kila kitu kwa utaratibu wake, nikianza na yeye, bila karatasi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu makini. Alikuna kidevu, kisha akaniuliza swali ambalo mtu yeyote makini angeuliza.

"Mtoto huyo ni wa nani?"

"Siwezi kumtaja."

"Ni wa ukoo gani?"

"Nimeahidi kwamba sitasema."

"Mjomba wake anasemaje?"

"Anasema," nikajibu, na sikuweza kudanganya, "anasema mtoto hana malalamiko."

Aliitikia kwa kichwa, bila hasira. Nadhani alinihurumia. "Mwalimu, umetoka mbali," alisema. "Lakini unanitaka nikae barazani pa mtu, nimfukuze mtu aliyetuletea dini mpaka mlangoni, kwa ajili ya mtoto asiye na jina, asiye na ukoo, ambaye mjomba wake amesema hana neno. Nikiulizwa na wenzangu, nitasema nani amelalamika?"

Kanisa jipya lilionekana kutoka pale barazani, nyasi za paa bado za manjano, na kando yake banda refu.

"Utakuwa na kiu," alisema. Akamwita mpwa wake aniletee maji. Alitoka msichana wa miaka kumi hivi, amevaa gauni safi, akapiga goti akanipa kikombe kwa mikono miwili. Nilikunywa polepole. Nilitafuta la kumwambia, na mjomba wake alikuwa amekaa kati yetu, na kila neno nililolipata lilihitaji neno lingine mbele yake. Kikombe kikaisha. Mtoto alikipokea, akaenda kuchukua mkeka wake wa kulalia, kwa sababu wenzake walikuwa wameshaanza kupanda kuelekea kanisani.